Mkufu Ulioandikwa Forodhani

Moroni, baada ya sala ya alasiri

Kwako Zaituni mwanangu, ambaye hivi sasa unazungushwa mtaani na bibi yako, Koko, nyumba hadi nyumba kuaga watu, na ambaye kwa hesabu yangu hutarudi kabla ya kunyweshwa chai mara sita.

Kesho asubuhi meli itatia nanga mbali kama kawaida yake, na mashua itawachukua wewe na masanduku yako pale bandarini. Huko hakutakuwa na nafasi ya kusema neno. Watu watakuwa wanalia, na mimi nikilia siwezi kupanga sentensi. Kwa hiyo nakuandikia.

Sitakuandikia habari za kujifunika, kula, kulala wala kusalimia wakubwa. Shangazi yako Rahma atakwambia hayo yote kabla hujafungua sanduku, na jioni atakwambia tena. Nataka kukwambia jambo moja ambalo yeye analijua kwa ubaya, Koko analijua kwa sehemu, na wewe hulijui kabisa ingawa umeliandikia insha.

Unakwenda Mombasa kumalizia shule, miaka minne, katika nyumba ya mwanamke ambaye tangu mwaka jana anaamini kwamba mama yako ni mwizi wa dhahabu. Hajanitukana, ni mtu wa heshima. Lakini katika barua zake kwa baba yako, salamu zangu huja mwisho kabisa, baada ya kuulizia afya ya mbuzi. Sitaki ufike pale ukasikia kitu jikoni, ukaanza kunitetea kwa ukali wako ule, na hujui unatetea nini. Nataka ujue yote, hasa ile sehemu ambayo hata Koko hawezi kukusimulia, kwa sababu ilikuwa kichwani mwangu.

Nilizaliwa Unguja, kama ujuavyo, kwa wazazi wa kutoka huku, nikasoma huko mpaka nilipoletwa kuolewa nikiwa na miaka kumi na sita. Nilikuja na sanduku moja la nguo na jingine la madaftari. Koko, mama wa baba yako, alikuja kutoka Mutsamudu, kule kisiwani Ndzuani, kunipokea. Akafungua sanduku la madaftari, akatazama, akalifunga, akaniuliza kama najua kupika pweza.

"Najua kumwelezea," nikasema.

Nadhani nilitaka kuchekesha. Hakucheka mtu. Tangu siku ile akaniita Bi Unguja, na kwa miaka kumi na sita hakuniita jina jingine, hata siku niliyokuzaa wewe. "Bi Unguja, sukuma!" Hivyo ndivyo ulivyokuja duniani.

Kifaransa nilijifundisha mwenyewe kwa kitabu kilichokosa kurasa za mwanzo, ndiyo maana mpaka leo naweza kuandika barua nzuri sana ya malalamiko lakini kumwamkia Mfaransa kunanipa tabu. Kwa Kifaransa hicho nikapata kazi kwenye meza ya vifurushi: kuwajazia watu fomu za forodha za vitu wanavyowapelekea jamaa zao nje. Umeiona ile fomu. Kitu gani, vingapi, uzito gani, thamani gani, ni zawadi au ni biashara, saini. Inabandikwa juu ya kifurushi kwa gundi, na kila mtu anayekishika njiani anaisoma.

Watu hudhani ni kazi ya mikono. Mwezi wangu wa kwanza mama mmoja alileta pweza mkavu wa kumpelekea mwanawe Marseille. Neno la Kifaransa la pweza sikulijua. Bila shaka lilikuwa kwenye zile kurasa zilizokosekana. Nikaandika: "Mnyama mmoja." Na kwa kuwa napenda kukamilisha mambo, kwenye nafasi ya maelezo nikaongeza: "Ana miguu minane." Baada ya wiki saba ikaja barua kutoka huko ikidai cheti cha daktari wa mifugo na orodha ya chakula atakachopewa mnyama safarini.

"Tuwajibu nini?" mama yule akaniuliza.

"Tuwajibu kwamba amekwisha kufa."

Akafikiri. "Wataleta rambirambi?"

Nilicheka siku ile, lakini nilipofika nyumbani niliumia. Nilikuwa nimeficha kutojua kwangu kwa maneno ya kweli tupu. Kila neno kwenye ile fomu lilikuwa kweli. Alikuwa mnyama, alikuwa mmoja, miguu alikuwa nayo minane. Kuanzia hapo nikawa mkali. Sikuandika tena "vitu mbalimbali", neno ambalo ofisa wa forodha akiliona hutafuta kisu. Mtu akisema "andika zawadi tu", namwuliza zawadi ni nini. Mtu akisema kitabu ni cha bei kubwa, nakigeuza nyuma nikatazame bei. Wanawake walisema nina roho kavu. Nami nililipenda jina hilo, Zaituni. Nililipeleka nyumbani kila jioni kama mtu aliyepewa nishani.

Kisha ikaja hii serikali ya vijana. Makarani wakarudishwa majumbani, baba yako mmojawao. Unamwona sasa analima muhogo kwa mistari iliyonyooka kama ya daftari, na muhogo wenyewe umekataa kuzaa kwa adabu hiyo. Mimi nilibaki kwa sababu sikuwa karani. Nilikuwa mjaza fomu, na cheo hicho hakikuwamo katika orodha ya watu wa kufukuzwa.

Meza yetu akapewa Komredi Anziza, miaka kumi na minane, aliyekuwa darasani muhula uliotangulia. Alikuja na daftari lake la hesabu, akaligeuza upande wa nyuma, akaanza kuandika humo maazimio. La kwanza alilisoma amesimama juu ya kasha la sabuni.

"Mapinduzi hayana siri! Kuanzia leo, kila fomu itasomwa kwa sauti mbele ya umma kabla ya kupigwa muhuri."

Sasa kumbuka hali ilivyokuwa. Harusi kubwa ilikuwa imepigwa marufuku. Hakuna tena kupitisha sinia za zawadi barabarani, hakuna tena wa kusimama akataja kwa sauti nani ametoa nini na ngapi. Wanawake waliokuwa wakitazamia siku hiyo tangu utotoni walikuwa wamekaa na sauti zao kifuani kama maziwa yaliyokosa mtoto. Na hapo serikali ileile, kwa mdomo wa Anziza, ikawaambia: njooni tutangaze mnachopeleka.

Siku tatu hazikupita. Mama mmoja mnene alileta kifurushi kwa bintiye wa Reunion, nami nikaandika. Anziza akasoma kwa sauti ya gwaride: "Khanga doti mbili! Halua kilo tatu, imepikwa na mama mzazi, bila msaada wa jirani!"

Kigelegele kikapanda kutoka kwenye foleni mpaka njiwa wa paa la ghala wakaruka.

Wiki iliyofuata walikuja wamevaa nguo za kutokea, wananukia. Walikuja na mashahidi. Wengine walimleta jirani waliyegombana naye, kwa kumbembeleza, ili tu asikie. Anziza aliandika katika daftari: "Wanawake wameupokea utaratibu kwa shangwe." Akanigeukia, macho yanang'aa.

"Unaona, komredi? Umma ukielimishwa unapenda forodha."

"Naona, komredi."

Muda si mrefu vitu vya kwenye fomu vikaanza kuwa vingi kuliko vya kwenye kifurushi. Bakuli la bati likawa la shaba. Pafyumu ikaongezeka chupa ya pili ambayo mizani haikuisikia. Mimi nilikuwa nachana na kurekebisha, nachana na kurekebisha. Nilikuwa peke yangu dhidi ya mji mzima, na nilikuwa na raha isiyo kifani.

Ndipo Koko akaja kutoka Mutsamudu na kasha lake.

Alikuwa ametapika njia nzima, lakini alifika forodhani amejitanda shiromani mpya, mgongo umenyooka. Salma wa shangazi yako alikuwa anaolewa Mombasa, mjukuu wa kwanza wa kike kuolewa. Na Mutsamudu yote ilijua, toka Hombo mpaka Mirontsy, kwamba mjukuu wa kwanza ndiye atakayevaa mkufu wa Koko.

Jambo ambalo Mutsamudu haikulijua ni kwamba mkufu haukuwepo tena. Bakoko, babu yako, alipolazwa pale hospitali ya Hombo, mwaka ule wa dawa za kutafuta kwa tochi, Koko aliuuza. Aliuuzia Mirontsy, kwa sonara asiyemjua, ili watu wa mjini kwao wasimwone anaingia dukani. Baba yako alijua, akaniambia kwa kiapo. Koko hakujua kwamba najua.

Nikachukua fomu. Alinitajia kimoja kimoja, nami nikaandika kimoja kimoja: shiromani mbili, karafuu, mafuta ya mlangilangi chupa moja, achari ya ndimu mtungi mmoja.

"Na mkufu," akasema.

Kalamu yangu ikasimama. "Mkufu umo ndani ya kasha, mama?"

"Andika, na mkufu."

"Nikiandika na wasipoukuta?"

Akainama karibu, nikasikia harufu ya tangawizi aliyotafuna baharini. "Ndivyo ninavyotaka. Watasema umepotea njiani. Kitu kikipotea njiani mwenyewe hana aibu. Kuna serikali mbili na meli moja kati yangu na Rahma. Mimi mwanamke wa Mutsamudu nitajuaje ni nani aliyeuchukua?"

"Mama, hiyo ni..."

"Najua ni nini. Nimesali kabla ya kupanda chombo, na nitasali nikishuka. Wewe andika."

Nyuma yake wanawake wa Moroni walikuwa wametega masikio. Walitaka kujua mtu wa Ndzuani anapeleka nini. Nikaweka kalamu chini. Nilikuwa tayari kukataa, wallahi nilikuwa tayari. Nilikuwa nimewakatalia watu arobaini kwa vitu vidogo kuliko hicho.

"Andika, mwanangu," akasema Koko.

Zaituni, nimejiuliza tangu siku ile ni kitu gani kilichotokea ndani yangu, na nimeona nisijifiche. Miaka kumi na sita nilikuwa nimelingoja neno lile bila kujua kwamba nalingoja. Nilidhani mimi ni mtu wa vitabu, sihitaji kuitwa kitu. Kumbe bei yangu ilikuwa neno moja. Na hata sikuomba alirudie.

Lakini hilo bado si baya lenyewe. Baya lenyewe ni hili: Koko alisema "mkufu". Hakusema zaidi. Ningeweza kuandika mkufu mmoja nikaishia hapo. Mimi niliandika: "Mkufu wa dhahabu, gramu thelathini na tano, vishada saba, kazi ya mkono ya sonara wa Mutsamudu, mali ya ukoo." Vishada ni vyangu. Gramu ni zangu. Mkono ulikwenda wenyewe, kwa Kifaransa kizuri kuliko chote nilichowahi kuandika. Nilimpamba Koko na nikajipamba. Yeye hasaini kwa herufi hizi, kwa hiyo chini, pale mtu anapothibitisha kuwa maelezo ni kweli, saini ni yangu.

Anziza alisoma. Alipofika kwenye vishada, foleni ilisogea mbele. Kisha kikapigwa kigelegele ambacho sijapata kukisikia, hata katika harusi yangu. Mwanamke mmoja wa Moroni, ambaye nimemsikia kwa masikio yangu akiapa kwamba Ndzuani haijapata kutoa kitu cha maana, alimbusu Koko mkono. Koko alirekebisha ushungi wake, akanitazama, akaniitikia kidogo kwa kichwa. Nilikuwa na furaha. Nilirudi nyumbani nikakupikia maandazi siku isiyo ya maandazi, huenda unakumbuka.

Mombasa walifungua kasha mbele ya shangazi yako na mbele ya wakwe wa Salma. Hapakuwa na mkufu. Walitikisa shiromani, wakamwaga karafuu. Achari waliimimina juu ya gazeti wakachokoa ndimu moja moja kwa uma. Wakwe walikuwa na adabu, hawakusema kitu, na shangazi yako anasema afadhali wangesema. Malalamiko yakaandikwa, yakafika Moroni yakiwa na fomu yangu, na ndani ya kila kunjo harufu ya achari.

Anziza akaitisha kikao. Alikaa juu ya kasha lake, vijana wawili kulia na kushoto, mimi nikasimamishwa mbele ya mizani.

"Saini hii ya nani?"

"Yangu, komredi."

"Mkufu ulikuwepo au haukuwepo?"

"Haukuwepo."

"Basi kwa nini umeandika una vishada saba?"

Sikuwa na jibu ambalo halikupitia Mutsamudu. Nikasema, "Nilikosea mstari."

"Mtu akikosea mstari anaandika pilipili mahali pa karafuu," akasema mmoja wa wale vijana. "Huyu amekosea duka zima."

Anziza aliniangalia kwa huzuni ya kweli. Alikuwa ananiheshimu. Akasema kwamba tamaa ya fahari za zamani imejificha hata ndani ya wanawake waliosoma, na dawa yake ni kazi. Nikahukumiwa miezi mitatu ya kubeba mawe ya mudiria, lile jengo la utawala la mtaa wetu. Kisha wakatunga jibu la kupeleka Mombasa. Niliandika mimi, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuliandika. Lilikuwa na sentensi mbili. Shauri limechunguzwa. Mtumishi aliyehusika amepatikana na ameadhibiwa.

Nilipoliandika nililiona lilivyo. Nikasema, "Komredi, wakisoma hivi watadhani nimeiba."

"Ungependa niandike kwamba hakuna aliyeiba kwa sababu hakuna kilichopelekwa? Basi bibi aliyepeleka ndiye mwongo. Ni nani huyo bibi?"

Nikapiga chapa anwani, nikabandika stempu.

Wewe ulirudi kutoka shuleni ukanikuta na jiwe kichwani. Nilipokwambia tunajenga mudiria, ukaandika insha, "Mama Yangu Anajenga Taifa", ukapata alama za juu kuliko wote, ikasomwa darasani. Mwalimu alitaka saini ya mzazi. Nilitia. Kwa mwaka mmoja nilikuwa nimetia saini karatasi mbili za uongo, na ile ya pili iliniuma zaidi, kwa sababu ilikuwa imeandikwa vizuri mno.

Habari za mawe zilifika Mutsamudu. Koko hakuleta neno. Kwa chombo cha wiki ile alileta kata ya kuwekea mzigo kichwani, imesokotwa kwa kitambaa cha shiromani, laini kama mto wa mtoto. Nikaivaa nikabeba mawe juu yake kwa hasira. Maana shangazi yako alikuwa ameshamwandikia kwamba mwizi amepatikana na ni mkazamwana, na Koko alimjibu kwa kuulizia hali ya mvua.

Nilimkasirikia kwa miezi. Kila jiwe nililolibeba lilikuwa na hotuba. Nilikuwa namsomea Koko mashtaka kutoka bandarini mpaka kwenye jengo, na kurudi. Katika hotuba zangu yeye husimama pale mezani, anasema: andika mkufu, gramu thelathini na tano, vishada saba. Nilikuwa nimebakiza siku nne za adhabu nilipotanabahi. Koko hakusema vishada. Nilikuwa nimemvisha maneno yangu, nikamshtaki nayo. Nikaliweka jiwe chini, nikakaa juu yake mpaka kijana wa zamu akaniuliza kama naumwa.

Ndiyo maana nakuandikia. Mtu anayekutendea ubaya hukupa nafasi nzuri ya kuusahau wa kwako, na mimi niliipokea nafasi hiyo kwa mikono miwili. Huko uendako utakosewa, na utakuwa na haki. Ukishakuwa na haki, tazama tena fomu.

Sasa nikwambie ya leo asubuhi, ambayo hukuyaona kwa kuwa ulikuwa unafunga mabegi.

Nilikwenda forodhani kuandikisha mizigo yako. Koko akasema anakuja. Nikamwambia jua kali. Akasema hajafika Moroni kukaa kivulini. Tulipofika nikaandika vyako vyote kwa uaminifu, hata ile shumizi uliyodhani sikuiona. Nilipotaka kufunga, Koko akatoa bahasha kifuani. Ameandika mwenyewe, kwa herufi za Kiarabu, mwandiko wake ule wa chuo cha Kurani unaopanda mlima.

"Hii ampe Rahma. Iandike."

Nikaandika: Barua moja.

"Andika inasema nini."

"Mama, forodha hawaulizi barua inasema nini."

"Mara ile pia hawakuuliza mkufu," akasema. "Andika kwamba mkufu niliuuza mimi, mama yake, kumtibu baba yake. Na kwamba Nasra huyu hakuchukua kitu."

Nilimtazama. Foleni ilikuwa imejaa wanawake walewale. Unajua nilifanya nini, mwanangu, baada ya mawe yote yale na mafunzo yote? Nikainama nikaandika tena vilevile, "Barua moja ya familia", nikatia nukta. Hasomi herufi hizi, nikajiambia. Nitamstiri.

"Komredi," Koko akamwita Anziza. "Nisomee."

Anziza akachukua fomu. "Barua moja ya familia!"

"Na mengine?"

"Hakuna mengine, bibi."

Koko akanigeukia polepole. "Bi Unguja," akasema, "mwaka jana nilikupa neno moja ukaandika sita. Leo nakupa sentensi nzima unaandika mkia. Hivi wewe umefundishwa na nani kuandika?"

Foleni ikacheka. Nami nikaandika. Nikaandika kwa Kifaransa, na chini yake kwa Kiswahili, kwa kuwa Koko hakutaka watu wa Mombasa wapate taabu. Anziza akasoma kwa sauti, na kadiri alivyosoma sauti ikawa inashuka. Akamaliza. Akaniangalia.

"Yale mawe," akasema.

"Mudiria imesimama, komredi."

Akapiga muhuri. Akapiga wa pili, sijui kwa nini, fomu inahitaji mmoja. Hapakuwa na kigelegele. Yule mwanamke aliyembusu Koko mkono mwaka jana akauliza kutoka nyuma, "Uliuzia wapi?"

"Mirontsy."

"Alikupunja."

"Alinipunja sana."

"Hata mimi yangu alinipunja," akasema mwingine, na kabla Anziza hajapata azimio la kulizuia jambo hilo, foleni nzima ilikuwa inataja ilichouza, kwa nani, na kwa ajili ya mgonjwa gani. Mama mmoja aliniomba fomu yake nimfutie bakuli la shaba. Nikafuta.

"Twende," Koko akasema. "Na usilie barabarani, watu watadhani tumefiwa."

Kwa hiyo barua yake iko kwenye mfuko wa pembeni wa begi jeusi, chini ya kitana. Sijui ndani ameandika nini zaidi. Naijua kazi ya kufungua bahasha kwa mvuke, na birika lipo, na nimeliacha bila moto. Barua hiyo itaniosha, na shangazi yako ataona aibu, na huenda akataka kunifanya malaika. Usimruhusu. Mwambie mama kasema vishada vilikuwa vyake.

Ukimpa, usikae mbele yake. Koko ameomba hivyo, nami naomba pia. Mtu anaposoma kwamba mama yake aliuza dhahabu yake kwa siri ili baba yake apone, uso wake ni wake. Toka uani ukachote maji, hata ukiyakuta mapipa yote yamejaa.

Mama yako,
Nasra